Meza ya Karibu na Sinki

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kuchukua miwani yangu kwa fundi, fundi akaniambia bado, nizunguke kidogo nirudi baada ya saa moja. Saa moja haitoshi kurudi nyumbani Fuoni, na jua la Januari si la kusimama nalo. Basi nikajikuta Mkunazini, mbele ya hoteli ambayo nilikuwa sijaingia kwa miaka mingi. Sisi tuliiita hoteli ingawa hakuna aliyewahi kulala pale. Ni nyumba ya kula. Ilikuwapo bibi yangu hajazaliwa, na tangu hapo inapika vitu vilevile kwa siku zilezile: Jumanne mchuzi wa papa, Alhamisi pilau, Jumamosi biriani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nikaingia, nikakaa, nikaagiza. Meza ya pili walikaa wageni wawili, mtu na mkewe, Wahispania kama alivyosema kijana aliyekuwa akiwatembeza. Yule mwanamke aliinusa sahani kwa muda mrefu kabla hajala, kisha akasema kitu, na kijana akamfasiria mhudumu kwamba kwao nako wali hutiwa zafarani, na kwamba harufu ile ilikuwa haitoki katika nguo za mama yake. Mhudumu akacheka, akasema basi ni jamaa. Mimi nilisikia yote hayo nusunusu. Baadaye mhudumu akanijia, akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna mtu unamngoja?"

Nikamwambia hapana.

"Naona unaangalia mlango."

Ndipo nikajitazama. Mkoba ulikuwa bado mapajani. Miguu nimeitoa nje ya meza, imeelekea njiani. Nilikaa kama mtu aliyeitwa afisini, anayengoja jina lake lisomwe. Nimeshapindukia miaka arubaini, nina watoto watatu, nasomesha darasa la watoto hamsini na hakuna anayethubutu kuchezacheza mbele yangu, lakini katika chumba kile siwezi kukaa nikatulia. Sababu yake naijua vizuri, na sijawahi kumweleza mtu yeyote kwa ukamilifu. Kaa nikueleze wewe.

Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka saba. Kwa nini, sikuambiwa, na kwetu mtoto haulizi. Mimi na mama tukahamia Kiponda kwa bibi, mama yake mama, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi za giza. Baba akapata kazi Uroa, fundi umeme katika hoteli ya pwani, hoteli ya kweli hiyo, ya kulala wageni. Kule alikaa chumba kimoja na wafanyakazi wenzake. Ndugu zake wote walikuwa Tanga. Kwa hiyo mjini hakuwa na pake tena, hata pa kuweka mkoba.

Jumamosi moja alikuja, ya pili haji, ya tatu akaja. Alifika kabla ya adhuhuri, akakaa barazani, akabisha hodi kwa sauti ya kuogopa kusumbua. Bibi hakumchukia. Hata siku moja sikumsikia akimsema vibaya. Lakini alikuwa na mipaka yake, na mpaka wa baba ulikuwa baraza. Nikiitwa niliitika "Naam!" kutoka juu, nikateremka ngazi mbili mbili. Kisha sote wawili tunasimama njiani, tumeshikana mikono, hatuna pa kwenda.

Ungetupeleka wapi? Forodhani mchana jua linachoma na hakuna kivuli cha kutosha watu wawili. Ufukweni alikuwa ametoka, hakutaka tena kuona mchanga. Basi tukawa tunakwenda hotelini Mkunazini, kwa sababu pale mtu akishaagiza chakula ana haki ya kukaa. Ndiyo iliyokuwa nyumba yetu, mimi na baba, saa tatu na ushei kila baada ya wiki mbili, mpaka adhana ya alasiri.

Mwenye hoteli alikuwa mzee mnene aliyekaa juu ya kiti kirefu karibu na mlango, kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, imekaa upande, paka wawili chini ya miguu yake. Alirithi pahala pale kwa baba yake, naye baba yake kwa babu yake. Mpishi hatukumwona hata siku moja, tulimsikia tu, akiimba na kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mhudumu alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye desturi ya kuufuta ubao wa meza hata kama ni safi. Mara ya tatu tulipokwenda hakutuuliza tena. Alituweka kwenye meza ya karibu na sinki, akaleta jagi la maji, bilauri ya ukwaju kwa ajili yangu, halafu sahani mbili za biriani zinafuka moshi.

Biriani ile siwezi kukueleza ukaiona, lakini nijaribu. Wali ulikuwa punje mbalimbali, nyingine nyeupe, nyingine za manjano, na juu yake vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi kidogo kwenye ncha. Rojo ilikuwa chini, nzito, imeshika nyama mpaka huwezi kujua nyama inaishia wapi. Pembeni kachumbari na kipande cha ndimu. Baba alinifundisha kuila: usianze katikati ukachafua yote, anza ukingoni, chukua wali kidogo, teremka kwenye rojo, panda tena. Hakuwa mtu wa maneno. Mafunzo yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, ya mikono. Siku moja meza ilikuwa inayumba, akatoa bisibisi mfukoni, akainama, akaikaza palepale, mhudumu amesimama na sahani anangoja.

Ungedhani nilikuwa na raha. Nilikuwa nayo, lakini haikukaa. Kwanza, nilikuwa nimeshiba. Bibi hakutaka nifike mbele ya baba nikiwa na njaa, asije akadhani kwetu sili, kwa hiyo kila Jumamosi ya baba nilipikiwa mapema, nikakalishwa jikoni, nikala wali na mchuzi wa samaki mpaka bibi aseme inatosha. Nusu saa baadaye niko mbele ya biriani, na baba ananitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akiifikiria siku hii tangu wiki mbili nyuma. Ningewezaje kumwambia nshakula? Nilikula. Nilikula ya bibi nikala na ya baba, na tumbo langu likawa kama ngoma, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua.

Pili ilikuwa saa ya ukutani. Baba alikaa akiipa mgongo. Mimi nilikuwa naielekea. Kwa hiyo aliyejua muda unakwisha nilikuwa mimi peke yangu, na nilijitwika kazi ya kumjulisha bila ya kumwambia. Ikifika saa tisa kasorobo nilianza kuchezesha miguu, kugeukia mlango, kunawa mikono mara ya pili na ya tatu. Mhudumu alizoea. Akiniona nimeanza, alimletea baba chai.

Nikirudi nyumbani bibi aliniuliza. Mlikula nini? Nyama ilikuwa laini? Baba yako amekonda au amenenepa? Kasema nini? Mama hakuuliza kitu. Alikuwa mshonaji, amekaa na cherehani yake karibu na dirisha, na kila nilipofungua mdomo kumjibu bibi, cherehani ilinyamaza. Nikimaliza kujibu, ilianza tena. Basi nikajifunza kuchagua maneno, nikasema yale ambayo hayamuumizi mtu: kwamba nyama ilikuwa laini, kwamba paka mmoja amezaa.

Nilikuwa nimetimiza miaka tisa pale baba aliponiambia habari ya Maskati. Aliniambia baada ya chai, amekishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Rafiki yake aliyetangulia kule amemtafutia kazi, na karatasi ziko karibu kukamilika. Alieleza mengi kuhusu mishahara na mashine za kupoza hewa ambayo sikuyafuata. Halafu akasema lile lililomleta.

"Nataka twende sote, mimi na wewe. Mama yako nitazungumza naye mwenyewe. Lakini kwanza nataka nijue wewe unataka nini. Usinijibu leo. Nijibu Jumamosi nikija."

Alisema kwa wema kabisa. Nadhani hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniuliza nataka nini katika jambo lolote, hata rangi ya gauni la Sikukuu. Na yeye akaniuliza hilo.

Wiki mbili zile nilikuwa kama mtu mwenye upele ndani ya mifupa. Skuli mwalimu aliniuliza kama nimekalia sindano. Chuoni nilisoma aya moja ya Kurani mara nne bila ya kujua, mpaka wenzangu wakaanza kucheka chinichini na maalimu akanitoa nje nikanywe maji. Nyumbani nilikuwa nikipanda juu nimesahau nimefuata nini, nikateremka, nikapanda tena. Nilisimama mbele ya kabati la mama nikahesabu nguo zangu, zipi za kuchukua. Nilisimama nyuma ya mama akishona nikautazama uti wa mgongo wake ulivyopinda, mpaka akasema bila ya kugeuka, "Una nini wewe?" Nikamwambia sina kitu.

Sikumwambia mtu. Hilo nataka ulijue. Lakini mtoto wa miaka tisa anadhani akiuliza kwa mbali hatogundulikana. Siku moja bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nakusanya inayoanguka, nikamwuliza, "Bibi, Maskati kuna maembe?"

"Ya kwao machache," akasema. "Mengi huletwa."

"Na bahari ipo?"

"Ipo."

Akaendelea kukuna. Mkono haukusita hata kidogo. Nikajiona mjanja.

Na jibu nililipata. Nililipata siku ya Alhamisi, njiani natoka chuoni, na lilipokuja sikuwa na wasiwasi nalo tena. Nitakwenda. Si kwamba nilimpenda baba kuliko mama. Mama nilimpenda mpaka kifua kinaniuma. Lakini nilifikiri kwamba nikikaa na baba kila siku sitakuwa na haja ya kuitazama saa. Tutakula, tutamaliza, tutanawa, na hakuna atakayeninyanyua. Hiyo ndiyo ilikuwa Maskati yangu. Kuhusu mama nilijiambia kwamba nitamwandikia barua, kwani nilikuwa nna hati nzuri.

Jumamosi ikafika. Asubuhi ile bibi hakunipikia. Nilingoja jikoni, jiko limelala, nikadhani amesahau. Baba akabisha hodi, nikaitika, nikateremka mbio, na nilipofika mlangoni nikasikia hatua nyuma yangu. Bibi alikuwa amevaa buibui lake la kutokea.

"Twendeni," akasema.

Baba alisimama akamwamkia. "Shikamoo mama." Bibi akaitikia marahaba, akatangulia. Tulimfuata, mimi na baba, katika vichochoro vile, na hakuna aliyenishika mkono kwa sababu hakuna aliyejua nani anishike.

Bibi yangu hakuwahi kula hotelini maisha yake yote. Kwa wanawake wa umri wake kula nje ilikuwa kujivua nguo. Tulipoingia mwenye hoteli aliteremka kutoka kwenye kiti chake kirefu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema, "Karibu Bi Mkubwa," akawasukuma paka kwa mguu. Wanaume waliokuwa wakila walishusha sauti. Mhudumu alifuta meza yetu mara mbili, akaongeza kiti. Bibi akauliza kuna nini, akaambiwa biriani, akasema alete.

Sasa, kwetu mtu hali mbele ya mkwe wake mwanamke. Ni haya, ni heshima, iite utakavyo. Na talaka haiuondoi ukwe. Mama wa mkeo ni mkweo mpaka kufa. Baba alinawa mikono, akarudi, akakaa, na sahani yake ikabaki mbele yake haikuguswa. Bibi alimwambia ale, chakula kinapoa. Baba akasema ahsante mama, na hakula. Mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na njaa ya kweli mbele ya biriani ile, na nilikula nikiitazama sahani ya baba.

Bibi alikula yote. Alikula polepole, kwa ustadi, bila ya kuangusha punje moja, na sote tukamngoja. Alisema kwamba vitunguu vimezidi moto kidogo lakini mpishi anajua nyama. Akainuka akanawa, akarudi, akajifuta mikono kwa leso yake mwenyewe. Kisha akamwambia baba kwamba amesikia anasafiri.

Baba alinitazama. Mimi nikaitazama chumvi.

"Naam, mama. Mungu akijaalia."

"Akufikishe salama. Mtoto anabaki."

"Nilikuwa nimemuuliza mwenyewe," baba akasema. "Nilitaka kusikia yeye..."

"Najua ulimuuliza, na ndiyo sababu nikaja. Huyu ana miaka tisa. Akikwambia ndiyo, atakuwa mtu mzima akijua alimwacha mama yake. Akikwambia hapana, atajua alikuacha wewe. Hilo lilikuwa la kuuliza mimi, au la kumuuliza mama yake. Umeona uzito kwetu, ukamtafuta mdogo. Basi asijibu."

Baba akanigeukia. Alitaka kusema neno, naliona mpaka leo lilivyofika kwenye meno, na bibi akasema, bila ya ukali, "Usimuulize."

Feni lilikuwa likizunguka juu yetu. Jikoni mpishi alikuwa ameacha kuimba. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari, tangu Alhamisi nilikuwa nalo, silabi chache tu. Na nimejiuliza mara nyingi: ni nani aliyenifunga mdomo? Bibi alimwambia baba asiulize, hakuniambia mimi nisiseme. Ningeweza kulitamka. Badala yake nilichukua bilauri nikanywa ukwaju mpaka chini.

"Sawa, mama," baba akasema.

Alikuwa mtu mtiifu. Pengine ndiyo ilikuwa shida yake katika mambo yote.

Kabla hajasafiri alikuja kuaga, na siku hiyo bibi alimpitisha baraza. Alimkalisha sebuleni peke yake, akamtandikia mkeka, akamwekea wali wa nazi, kuku wa kupaka, maandazi, kila kitu alichokijua, akatoka ili ale kwa nafasi. Mimi nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Baba alikula kidogo, kisha akakaa tu, anaangalia chakula chote kile. Mama alikuwa juu, na cherehani haikusikika siku nzima.

Miaka ya mwanzo alinitumia kanda za redio, sauti yake imerekodiwa usiku baada ya kazi, akinieleza joto la kule, akinieleza kwamba amenunua feni, akiniagiza nisome. Mimi nilimrekodia upande wa pili nikimsomea nilichojifunza skuli. Baadaye alioa kule, akapata watoto wawili wa kiume. Kanda zikapungua, kama unavyojua mambo yanavyokuwa. Alikuja nilipokuwa na miaka kumi na sita, akaja tena harusi yangu. Mara zote mbili tulikwenda hotelini Mkunazini, tukala biriani, tukazungumza habari za biriani. Neno lile hakuna aliyeligusa.

Mimi nilimshukuru bibi. Ukiniuliza kwa miaka ishirini na ushei nilimfikiria vipi kwa siku ile, nitakwambia nilimshukuru. Niliamini kwamba aliniona ninazama akanitoa. Nilipokuwa mwalimu, na kuwaona watoto darasani ambao wazazi wao wanawavuta huku na huku, nilimsifu moyoni. Lile jibu langu nililifukia. Nilijiambia kwamba mtoto hajui anachokitaka.

Kisha alasiri moja, bibi ameshakuwa kikongwe, macho yamepungua lakini akili kamili, tulikaa ukumbini tunachagua mchele kwa ajili ya hitima ya jirani. Ungo mmoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Yeye alichagua kwa ncha za vidole, mimi kwa macho, na alinishinda. Hatukuwa tunazungumza jambo lolote la maana. Akaniuliza ghafla, kama anayeuliza kama chumvi ipo:

"Siku ile hotelini, ungemjibu nini baba yako?"

Nilifikiri kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa adabu. Lakini alikuwa ameniuliza, na ilikuwa imechukua muda mrefu sana mtu kuniuliza tena.

"Ningemwambia nakwenda, bibi."

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando.

"Nlijua," akasema. "Ndiyo maana nikaja."

Halafu akaendelea, vidole vinatembea. Akasema aliniona nikihesabu nguo zangu kabatini. Akasema mama angekubali, kwa sababu mama hakuwa na nguvu ya kumzuia mtu yeyote kuondoka. Akasema alikaa siku mbili anajiuliza, na alichokiona ni nyumba ile bila ya mimi, ngazi zile bila ya mtu wa kuteremka mbio, na binti yake kwenye cherehani. "Yale niliyoyasema yalikuwa kweli," akasema. "Lakini hayakuwa sababu."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaendelea kuchagua mchele. Tulimaliza ungo ule, tukamimina, tukajaza mwingine. Hakuomba radhi, wala mimi sikumwambia nimemsamehe. Alifariki mwaka uliofuata, na nililia sana, na katikati ya kulia kulikuwa na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipa jina. Siku moja ni hasira. Siku ya pili nakumbuka alivyokula sahani yote ile mbele ya wanaume wageni, mwanamke ambaye hajawahi kula nje, ili asinipoteze, na hasira inaondoka. Kisha inarudi. Ndivyo ninavyoishi nayo.

Basi Jumamosi ile ya mwezi uliopita, nilipotoka hotelini, sikurudi kwa fundi moja kwa moja. Nilisimama kivulini, kwenye ukuta wa nyumba ya mbele, nikatoa simu nikampigia baba. Yuko Maskati bado, mzee sasa, amestaafu, anasumbuliwa na magoti. Nikamwamkia. Akaniuliza nimekula nini, nikamwambia biriani, na nikamwambia nimekula wapi. Akacheka kidogo. Akauliza kama yule mzee mwenye paka bado yupo, nikamwambia siku nyingi hayupo, anakaa mjukuu wake na hakuna paka. Mhudumu je? Naye hayupo. Mpishi? Sijui, nikasema, lakini nimemsikia mtu jikoni, haimbi.

Halafu nikamwambia. Sikupanga kumwambia. Nilisema, "Baba, ile siku aliyokuja bibi. Mimi nilikuwa nataka kukwambia ndiyo."

Nilisikia televisheni yake kwa mbali, mtu anasoma habari kwa Kiarabu.

"Miaka mitatu ya mwanzo," akasema hatimaye, "nililala chumba kimoja na wanaume watano. Tulilala kwa zamu. Sijui ningekuweka wapi mwanangu."

Nikasema ndiyo, naelewa. Nilisema haraka, kwa sauti yangu ya mwalimu, ili asione vibaya. Nikafikiri basi bibi alikuwa sawa, na jambo limekwisha, na mtu mzima mwenye watoto watatu anaweza kwenda zake.

Lakini baba alikuwa bado hajamaliza. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Ila ningepata," akasema. "Ningepata pa kukuweka."

Watu walikuwa wakinipita kichochoroni, na sikuwaamkia hata mmoja. Nyumba ya Kiponda imeshauzwa, ngazi zake zimepakwa rangi, na wageni hulala katika chumba alichokuwa akishonea mama. Mbali na baba hajabaki mtu wa siku ile wa kumuuliza chochote. Na yeye nilimwona kwa sauti tu, amekaa kitini kwake na magoti yake, ananingoja niseme neno. Nikamwambia najua, baba. Kisha tukabaki hivyo, yeye kule na mimi huku, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata simu.